Darasa langu linacheka, ofisi ya walimu imeninunia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa kiume, nina miaka 29. Kwetu ni Nzega, mkoani Tabora, ila huu ni mwaka wa tatu nafundisha shule ya msingi ya serikali kandokando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Jina la kijiji naomba nilifiche maana huku tunajuana wote. Nafundisha Hisabati darasa la tano. Wanafunzi ni 94, madawati ni 21, wanakaa wanne wanne, na waliobaki wanakalia ndoo zilizofunikwa au sakafu.

Mwaka jana nilipelekwa semina ya siku tatu Kigoma mjini. Tulifundishwa kutumia michezo, mafumbo na vichangamsho darasani. Shangazi, nilirudi kama mtu aliyeokoka. Nilikata maboksi nikatengeneza kadi za namba, nikaokota vifuniko vya soda vikajaa ndoo, nikaanza. Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni nyama nyama. Unaujua: ukitaja mnyama anayeliwa watoto wanaruka, asiyeliwa wanatulia. Mimi nimeugeuza wa namba. Nikitaja kigawe cha tatu, yaani namba inayogawanyika kwa tatu bila baki, wanaruka, nikitaja isiyo kigawe cha tatu wanatulia. Anayeruka vibaya anatoka nje ya mstari. Tunacheza kama robo saa hivi mwanzo wa kipindi, wakati mwingine inazidi kidogo maana wakishapata moto kuwatuliza ni kazi.

Nimewagawa pia timu nne, kwa majina ya samaki wa ziwa letu: Migebuka, Kuhe, Sangala na Dagaa. Pointi naziandika pembeni ya ubao, na Ijumaa timu iliyoongoza nawanunulia biskuti kwa mfuko wangu. Watoto wananipenda. Zamani usiku wa giza, mwezi usipokuwepo na mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa, kesho yake darasa lilikuwa nusu. Wengine walikuwa ziwani na kina mjomba, wengine walibaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuanika. Siku hizi hata wakati wa giza wanakuja, wanasinzia lakini wanakuja. Kuna binti hakuwahi kufungua mdomo tangu darasa la tatu, leo ndiye kapteni wa Sangala.

Sasa sikiliza matatizo.

Chumba cha jirani ni darasa la saba, na ukuta wetu haujafika juu kwenye paa. Mwalimu anayefundisha humo ndiye mwalimu wa taaluma, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Siku moja ofisini, mbele ya wenzetu wote, alisema, "Shule hii ina bahati, tuna mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa ngoma, na wote wawili ni mtu mmoja." Wakacheka. Tangu hapo ndilo jina langu, Mwalimu wa Ngoma. Hata mpishi wa shule ananiita hivyo.

Halafu akaja mzazi, mzee mmoja mvuvi. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu nikimuuliza leo mmesoma nini, ananijibu tumecheza nyama nyama. Mimi sikumtoa mwaloni aje kucheza." Sikuwa na jibu.

Halafu likaja jaribio la kata. Shule saba, darasa langu likawa la sita. Mada mbili za mwisho hatukuwa tumezifikia, desimali na sehemu ya vipimo, lakini hata hivyo niliumia. Mwalimu mkuu akaniita. Akasema muhula ujao nichague: nifundishe kama wenzangu, au anihamishie darasa la kwanza, "huko ndiko kwenye michezo." Alivyolisema, ilikuwa adhabu.

Kuna na jambo jingine, sijui kama linahusiana. Mvulana mmoja wa timu ya Kuhe, mzito kidogo wa hesabu, alikosea saba mara nane siku ya Ijumaa, akasema 54, wakakosa biskuti kwa pointi moja. Wakati wa mapumziko wenzake walimsukumasukuma wakamwambia, "Umetuzamisha." Wiki ya tatu sasa hajaja shuleni. Nasikia anakwenda ziwani na mjomba wake. Wapo pia wasichana wawili wakubwa, kila nyama nyama inapoanza wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hao nadhani ni uvivu tu.

Nifanye nini? Niiache michezo nishike chaki kama zamani, nibakie na amani? Niendelee, wanicheke? Au niombe uhamisho nirudi Tabora? Watoto wananipenda, Shangazi. Ndilo linalonichanganya.

Mwalimu wa Ngoma, Kigoma

*

Marahaba mwanangu, tena marahaba mwalimu mwenzangu. Nimeshika chaki miaka 33 kabla ya kustaafu, na kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa huko huko Kigoma, kwa hiyo ukuta usiofika kwenye paa naufahamu. Niliwahi kumfundisha mtoto wa darasa la nne ambaye majibu yote ya darasa la sita aliyajua, kwa kuyasikia tu kupitia juu.

Nikikuelewa, unauliza uchague kipi kati ya michezo na amani ya ofisini. Mezani umeweka mambo matatu: utani wa wenzako, matokeo ya jaribio, na kauli ya mwalimu mkuu. Jambo la nne umelisukumia mwisho ukasema hujui kama linahusiana. Mimi barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama hapo kwenye la nne. Nianzie hapo, utaniwia radhi.

Mtoto anayelala ziwani juu ya mtumbwi, ameambiwa na wenzake "umetuzamisha". Sidhani kama waliomwambia walipima uzito wa neno lile. Na hujaniandikia kama umekwenda kumtafuta. Umeandika "nasikia". Wiki tatu ni nyingi kwa mwalimu kusikia tu.

Halafu iangalie ile biskuti. Kwako ni zawadi ndogo, tena unaitoa mfukoni kwako, na moyo huo nausifu. Lakini wewe unawajua watoto wako, wangapi huja asubuhi hawajatia hata chai mdomoni? Kwa mtoto wa namna hiyo biskuti ni chakula. Ulipoiweka mbele ya timu nne ukasema itakwenda kwa mmoja, saba mara nane ikaacha kuwa hesabu, ikawa shibe ya watu zaidi ya ishirini iliyowekwa mabegani mwa mtoto mmoja aliyekesha. Hata mimi na wewe tungekosea. Na tungekuwa kwenye timu ile, huenda na sisi tungesukuma.

Sikulaumu. Mimi mwenyewe, enzi zangu, nilikuwa na mashindano ya kutaja jedwali la kuzidisha, na aliyeshindwa alisimama juu ya dawati mpaka apatikane mwingine wa kumpokea. Niliona ni mchezo, na darasa lilicheka sana. Miaka mingi baadaye nilikutana na mama mmoja kwenye treni, kati ya Kaliua na Uvinza, akanisalimia kwa jina. Nikamuuliza anakumbuka nini cha darasa langu. Akasema, "Dawati, mwalimu." Halafu akanipa ndizi. Ile ndizi sikuimaliza.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama michezo iendelee, naomba nikuulize: darasani kwako kicheko kinalipiwa na nani? Nawaona wale wasichana wawili wa chooni. Unasema ni uvivu. Inawezekana. Lakini darasa la tano lina wasichana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, miili imeanza kubadilika, sketi ya shule pengine ni moja na inabana, na wavulana wamejipanga mbele yao. Halafu mwalimu wa kiume anataja "kumi na mbili" ili waruke. Tena zipo siku za mwezi ambazo binti hataki hata kusimama, sembuse kuruka. Huwezi kuwauliza wewe hilo, wala usijaribu. Shuleni hapakosi mwalimu wa kike wanayemwamini, mwombe awasikilize. Huenda ikawa uvivu kweli, nami nitakuwa nimekosea. Ila mvivu wa hesabu hukwepa zoezi la daftarini, na hilo hukuniambia kwamba wanalikwepa.

Sasa tuje kwenye nyama nyama yenyewe, maana hapa nina neno la kiufundi.

Watoto 94 wako kwenye mstari, wewe unataja 27. Wangapi wanagawanya kwa tatu kichwani? Nina hakika hujawahi kuwahesabu, nami nisingeweza kuwahesabu, ila nakuomba kesho usimame pembeni uyatazame macho yao. Utakuta kuna watoto kama kumi wanaoruka kwanza, na wengine wote wanawaangalia hao kumi. Wamejifunza jambo la maana sana maishani, yaani nani wa kumfuata, lakini hawajajifunza vigawe vya tatu. Na anayekosea unamtoa nje ya mstari. Kwa hiyo mtoto asiyejua ndiye anayecheza mara chache kuliko wote, na kapteni wa Sangala, ambaye tayari anajua, ndiye anayebaki kufanya mazoezi mpaka mwisho. Mchezo umepangwa kinyumenyume, mwanangu. Si wewe uliyeupanga hivyo, michezo mingi ya kutoana iko hivyo, hata rede.

Jaribu siku moja kuwaambia wafumbe macho, wakae pale pale walipo, na aliyesikia kigawe cha tatu ainue mkono kimya. Hakuna wa kuigiza. Hakuna anayetoka. Hakuna sketi inayoruka. Na jirani yako wa darasa la saba hatasikia chochote zaidi ya sauti yako ukitaja namba. Wewe ukiwa mbele utaona kwa mara ya kwanza nani anajua na nani hajui, maana mikono itakuwa inasema kweli. Sikufichi, furaha itapungua. Kuna watakaonuna na kusema mwalimu kabadilika. Wengine watachungulia kupitia vidoleni. Huo ndio ubaya wake, na ni wewe utakayeona kama unavumilika.

Kuna njia nyingine ya kimya. Kila mtoto awe na kipande cha boksi na mkaa. Unauliza, wanaandika, ukihesabu tatu wote wanainua. Kwa mkupuo mmoja wamejibu watoto 94, pale ambapo kwa kunyoosha kidole angejibu mmoja.

Na mafumbo pia. Unao mto Malagarasi mkoani kwako. Mpe mtoto lile fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi kaliwa, akiacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Wape kokoto tatu na kifuniko cha soda kiwe mtumbwi, wahangaike wawili wawili. Wengi wataanza vizuri kwa kumvusha mbuzi, halafu watakwama, kwa sababu haiwaingii akilini kwamba mbuzi aliyekwishavushwa anaweza kurudishwa alikotoka. Safari zote ni saba. Hilo ni fumbo la dakika kumi, wala halihitaji kelele. Ila usilitoe kila siku, na usilitoe siku ya desimali kwa sababu tu watoto wanalipenda.

Hapo nimefika kwenye jaribio. Wewe umelisoma kama hukumu juu ya michezo, na mwalimu mkuu kalisoma hivyo hivyo. Lakini humo humo kwenye barua umeandika kwamba mada mbili hamkuzifikia. Kipindi chako ni dakika 40. Robo saa ya michezo ni zaidi ya theluthi moja ya kipindi, na umekiri kwamba wakati mwingine inazidi. Fungua azimio lako la kazi, ule mpango wa mada za muhula, hesabu vipindi vya muhula mzima, utaona desimali zilikwenda wapi. Kisha chukua karatasi za watoto, kama bado zipo, utenge maswali mafungu mawili: yale ya mada mlizosoma kwa michezo, na yale ya mada ambazo hamkuzigusa. Wamekosa wapi? Kama wamefanya vizuri kwenye vigawe na wakaanguka kwenye desimali, tatizo lako ni saa. Kama wameanguka hata kwenye vigawe mlivyovicheza miezi mitatu, basi ni yale macho niliyokuambia uyatazame. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na mpaka sasa hakuna aliyepima ni lipi, si wewe, si mwalimu mkuu, wala mimi niliyekaa mbali.

Nikupe kitu kimoja cha kukutia moyo, ukipime mwenyewe. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi wakairudia kuisoma, baadhi wakaambiwa waifunike na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wa mwaloni wanaosinzia, kwa hiyo usilibebe kama msahafu. Lakini linanionyesha mchezo mzuri wa darasani huwa unafanya kazi gani: unamlazimisha mtoto akitoe kichwani kile alichokwisha kukiingiza. Kama hakijaingia, hana cha kutoa, anabaki kuruka tu. Pengine ndiyo sababu ya kuupeleka mchezo mwishoni mwa kipindi, dakika saba au nane, badala ya kuuweka mwanzo. Ubaya wake ni kwamba asubuhi ya giza watoto watasinzia kabla hawajaufikia. Hapo uamuzi ni wako, wewe ndiye unayezijua asubuhi zako.

Kuhusu yule mzee mvuvi, mimi nimempenda. Anamuuliza mtoto amesoma nini! Ni wazazi wangapi wanaouliza? Na jibu la mtoto limekupa tathmini ambayo hata mthibiti ubora, mkaguzi wa shule, asingekupa: mtoto amebaki na jina la mchezo, somo limempita. Ukitenga dakika mbili za mwisho, kila mmoja aandike daftarini mfano mmoja wa kigawe na sababu yake, jioni mzee atapata jibu jingine. Na ukikutana naye, usimtajie semina. Muulize kama anacheza bao. Bao ni kete 64 kwenye mashimo 32, na wazee wanaolijua wanahesabu mizunguko kichwani kwa kasi ambayo mimi na wewe na vyeti vyetu hatuifikii. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao, na sijasikia mtu akimwita Rais wa Ngoma. Mzee huyo huyo anaweza siku moja kukaa chini ya mti na watoto wako kumi akawafundisha. Au anaweza kukujibu kwamba hana muda. Utakuwa umemsalimia vizuri, basi.

Sasa mwalimu wa taaluma. Alichokufanyia ofisini hakikuwa cha kiungwana, tena mbele ya watu, na jina limekuganda. Lakini hebu kaa dakika moja kwenye kiti chake. Ana darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unawasubiri, na matokeo yakitoka jina litakaloulizwa ni lake. Anaandika ubaoni, na juu ya ukuta watoto 94 wanaruka wanapiga kelele. Ulishawahi kumwendea kabla hujaanza ukamwambia, "Kaka," au humo mnaitana vipi, "nina jambo nataka kulijaribu, vipindi vyako vizito ni saa ngapi?" Barua yako haisemi. Nadhani hukumwendea, kwa sababu ukirudi semina umeokoka huwa huombi ruhusa, unahubiri. Unaweza kumwambia kwamba mtaala wenyewe unataka ufundishaji shirikishi, na utakuwa umesema kweli. Utashinda hoja, halafu utabaki na jirani asiyekuazima hata kifutio. Au unaweza kumpelekea yale mafungu mawili ya karatasi ukamwomba akusaidie kuyasoma. Watu wa taaluma wanapenda sana kuombwa kusoma karatasi. Anaweza pia kukucheka tena, na hilo ujiandae nalo.

Umesema mara mbili kwamba watoto wanakupenda. Nakuamini. Na yule binti wa Sangala si jambo dogo, hata ungekuwa hujafanya jingine mwaka mzima. Ila nikuulize kama mama. Huko ugenini, mbali na Nzega, ofisini wanakucheka, pengine pale mstarini ndipo mahali pekee kwa siku nzima mtu anapofurahi kukuona? Kama ndivyo, si dhambi. Lakini itakuwa vigumu kuupunguza mchezo hata pale unapoona unapaswa kupungua, kwa sababu utakuwa unajipunguzia na wewe. Tafuta marafiki wa rika lako, hata wa kwenda nao kuogelea Jumamosi.

Ukiiacha michezo yote ukashika chaki, mwalimu mkuu atatulia na ofisi itachoka kukutania. Mada utazimaliza. Hatari ni mwezi ukiingia giza, ukakuta nusu ya madawati yako matupu tena, na kapteni wa Sangala amenyamaza. Ukiendelea vile vile ulivyo, utabaki na furaha na utapoteza darasa, kwa sababu mwalimu mkuu ameshasema. Ukiipunguza na kuigeuza kama nilivyokuonyesha, utachoka zaidi kuliko mwanzo, maana mchezo unaofundisha unaandaliwa usiku, na kwa muda hutamfurahisha mtu yeyote: watoto watasema umepoa, ofisi itasema bado unacheza. Biskuti ndiyo itakayokusumbua zaidi. Ukiiondoa ghafla watajiona wameadhibiwa. Huenda ukaanza kwa kuivunjavunja iwe ya darasa zima siku darasa zima linapofikia alama fulani, halafu iishe yenyewe.

Na timu? Aronson, profesa mmoja wa Austin, Texas, mwaka 1971 alikuta watoto weupe na weusi wamechanganywa shule moja na wanagombana. Akaacha kuwashindanisha. Somo akaligawa vipande, kila mtoto kwenye kikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana, kwa hiyo hata waliyemdharau ilibidi wamsikilize ili wafaulu. Kwa watoto 94 ni kazi ngumu, usianze na wote, anza na dawati moja moja la watoto wanne. Ila nafikiria hesabu ya mtumbwi mmoja wa dagaa: mafuta yamekula kiasi gani, beseni zimepatikana ngapi, mwenye chombo anachukua fungu gani, kila mvuvi anabaki na nini. Sehemu na desimali zote zimo humo. Na kwenye kipande hicho kuna mtoto mmoja wa Kuhe anayejua kuliko darasa zima, kuliko hata mwalimu wake wa kutoka Nzega.

Darasa la kwanza si adhabu, ingawa lilisemwa kama adhabu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka minne na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kumfanya mtoto asome, aandike na ahesabu kwa mara ya kwanza kunataka mwalimu mwenye kadi na vifuniko vya soda, vipindi vyao ni dakika 30, na mchezo pale hauombi radhi. Ukipelekwa kwa kufukuzwa utakwenda umeinamisha kichwa. Ukienda kwa kuomba ni habari nyingine. Lifikirie tu, sijasema uombe.

Uhamisho wa Tabora nauacha. Nzega nako kuna walimu wa taaluma, na kuta zake nazijua.

Kabla ya hayo yote, kuna safari ya mwaloni. Nenda jioni, kabla mitumbwi haijatoka, ukiwa peke yako, usimchukue mwenyekiti wa kijiji wala mgambo. Muone mjomba kwanza, umsalimie kama mkubwa wa mtoto. Mtoto mwenyewe usimuulize kwa nini hajaja, anajua kwamba unajua. Muulize usiku uliopita wamepata beseni ngapi na wamegawana watu wangapi, umwache akufanyie hiyo hesabu.

Wako,
Shangazi